Yai la Mbwa Lipikwe Kwanza

Katika jamaa nyingi, kuku akiisha kutotoa, mayai viza yaliyobaki hutupiwa mbwa. Watu husema: «Mbwa hula kila kitu, tumbo lake haliugui.» Neno hilo ni kweli nusu tu, nusu ya pili huwaletea watoto hatari.

Tujue kwanza kwamba yai si sumu kwa mbwa. Yai moja la kuku lina karibu gramu 6 za protini ijengayo mwili, pamoja na mafuta na vitamini. Mbwa aliyekonda huona faida yake.

Lakini yai bichi laweza kuwa na vijidudu viitwavyo salmonela, vilivyopewa jina la Daniel Salmon, mganga wa wanyama wa Marekani. Hukaa juu ya ganda, pengine hata ndani yake. Mara nyingi mbwa aliyevimeza haugui. Hucheza na kula kama kawaida. Walakini huvitoa katika mavi yake, navyo hushika manyoya na bakuli lake. Mtoto amkumbatiaye mbwa huyo, kisha akala bila kunawa, aweza kuharisha na kushikwa na homa. Kwa mtoto mchanga au mzee, ugonjwa huo waweza kuua.

Tena, ute wa yai bichi una avidini, izuiayo mwili kupata vitamini iitwayo biotini. Mbwa akila ute mbichi mwingi kwa siku nyingi, ngozi yake huharibika na manyoya hupukutika. Moto mkali huondoa hatari hizi mbili.

Basi, wazazi wapenzi, yai viza lifukiwe shimoni. Yai jema lichemshwe dakika 10 au zaidi, limenywe, likatwe vipande. Bila chumvi wala kitunguu, kwa maana kitunguu huharibu damu ya mbwa. Yule mbwa wa Kongo asiyebweka, ambaye wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, ana uzito wa kilo 10 hivi: nusu ya yai kwa siku yamtosha. Asipewe yai lenye ganda, asije akajifunza kuiba viotani.

Na mayai yakiwa machache, watoto wale kwanza. Mbwa atashiba bukari na dagaa. Kisha wote wanawe mikono kwa sabuni.