Je, Wajua? Majibu Yametoka, Nani Aambiwe Kwanza?

Je, wajua kwamba mwaka 1961 madaktari wengi wa Chicago waliona ni afadhali mgonjwa wa saratani asiambiwe anaumwa nini? Donald Oken aliwahoji madaktari 219 wa Hospitali ya Michael Reese, na asilimia 90 wakasema hawapendelei kumwambia. Swali hilo likaulizwa tena mjini Rochester, New York, na matokeo yakachapishwa mwaka 1979: asilimia 97 walipendelea kumwambia. Miaka 18 tu ilikuwa imepita.

Je, wajua kwamba hata wakubwa walifichwa? Mfalme Hirohito wa Japani alifariki Januari 7, 1989 kwa saratani ya utumbo mdogo, bila kuambiwa kuwa anayo. Eva Perón wa Argentina, aliyefariki mwaka 1952 akiwa na miaka 33 kwa saratani ya mlango wa kizazi, alifichwa zaidi. Mwaka 1951 alipasuliwa na bingwa kutoka New York, George Pack, aliyeingia chumbani mgonjwa akiwa ameshalazwa kwa dawa ya usingizi. Eva hakujua kamwe nani alishika kisu.

Tusiwacheke. Kwetu majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa yakitoka, mara nyingi anayeitwa pembeni ni mtoto mkubwa au shemeji. “Mzee asiambiwe, atakata tamaa.” Kisha Mzee huyohuyo anapandishwa gari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na sijui ni mtu mzima gani Dar es Salaam asiyejua pale wanatibiwa wagonjwa gani. Hapo anayefichwa ni nani?

Wagonjwa wenyewe wakiulizwa, husema wazi. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2001, kati ya wagonjwa 2,331, asilimia 98 walitaka kujua kama ugonjwa wao ni saratani au la, na asilimia 87 walitaka kila habari, iwe njema au mbaya.

Je, wajua kwamba kuna wakati mwanamke wa Marekani aliingia chumba cha upasuaji bila kujua atatoka na titi au bila titi? Alichomwa sindano ya usingizi, kinyama kikapimwa akiwa amelala, na kikionekana kina saratani titi likaondolewa palepale. Mwaka 1974 mwandishi wa habari Rose Kushner alikataa kutibiwa hivyo. Mwaka uliofuata alitoa kitabu, na mwaka 1979 jopo la kitaifa, yeye akiwa mjumbe, likapendekeza kupima na kukata kuwe hatua mbili, ili katikati yake mwanamke apate kuuliza na kuamua.

Na je, wajua kwamba kuambiwa si sawa na kusikia? Roy Kessels, akikusanya tafiti mwaka 2003, alieleza kuwa asilimia 40 hadi 80 ya maelezo ya daktari husahaulika papo hapo, na karibu nusu ya kinachokumbukwa hukumbukwa visivyo. Baada ya neno “saratani”, masikio hufunga. Nenda na mtu. Beba kalamu, au omba ruhusa urekodi kwa simu.

Swali linaloumiza zaidi ndilo husahaulika kuliko yote: dripu hizi za kemo ni za kuniponya, au za kupunguza makali? Marekani, mwaka 2012, ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,193 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa. Wa mapafu asilimia 69, na wa utumbo mpana asilimia 81, hawakuwa wameelewa kwamba kemo haikutarajiwa kuwaponya. Walikuwa tayari kwenye dripu.

Namba nazo zina hila. Mwanasayansi Stephen Jay Gould alipokutwa na saratani adimu mwaka 1982, alikwenda maktaba na kusoma kuwa nusu ya wagonjwa wa aina hiyo hufariki ndani ya miezi minane. Akajiuliza: ile nusu nyingine je? Aliishi miaka 20 zaidi.

Je, wajua kwamba hata daktari akiugua hukosa maelezo? Vicky Clement-Jones, daktari wa Uingereza, alikutwa na saratani ya ovari mwaka 1982. Udaktari wake haukumwambia namna ya kuishi na ugonjwa siku kwa siku. Mwaka 1985 akaanzisha shirika la BACUP, wauguzi wakawa wanajibu maswali ya wagonjwa kwa simu. Alifariki mwaka 1987.

Wagonjwa wengine huamua kwa hiari yao kutouliza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watafiti waliozungumza na wagonjwa 17 wa London waliwakuta wanaomwachia daktari yote, wanaolinda matumaini yao, na wanaonyamaza kwa huruma kwa kuwa wapo wenzao wenye hali mbaya zaidi. Anayeijua foleni ya kliniki zetu hatashangaa.

Lakini kuna mambo ambayo hata mnyamavu lazima ayajue. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki tano: anayetoka Kigoma atalala wapi, na nani atamlisha? Swali hilo halimo kwenye fomu ya rufaa, na linawarudisha watu nyumbani. Mionzi inayopigwa na mashine kutoka nje haibaki mwilini, kwa hiyo bibi ambebe mjukuu wake jioni hiyohiyo. Aliyenyweshwa iodini ya mionzi kwa saratani ya tezi la shingo ni habari nyingine: huyo hukaa mbali na watoto kwa siku atakazoelekezwa.

Ile dripu nyekundu, doksorubisini, hufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili. Si damu. Watu wamelia chooni kwa kukosa sentensi hiyo moja. Anayetaka watoto baadaye aulize habari za uzazi kabla ya dozi ya kwanza, mwanamume kwa mwanamke. Na homa ya nyuzi 38 ukiwa kwenye kemo usiitulize kwa panado ukajilaza: kinga hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Nenda hospitali usiku huohuo, usingoje tarehe ya kliniki.