Walter Rubusana na Kiti cha Tembuland, 1910–1914

Aghalabu Walter Benson Rubusana (1858–1936) hutajwa katika historia ya fasihi ya Kixhosa kama mhariri wa Zemk'inkomo Magwalandini (1906) na mmoja wa waliosahihisha tafsiri ya Biblia katika lugha hiyo. Ni nadra kutazamwa kama mwanasiasa wa jimbo, ilhali mchungaji huyo ndiye Mwafrika pekee aliyepata kuchaguliwa katika Baraza la Jimbo la Cape, Afrika Kusini.

Kuchaguliwa kwake kulitokana na mwanya wa kisheria. Sheria ya Afrika Kusini ya 1909 ilitaka wabunge wa Muungano wawe wa asili ya Ulaya tu. Rubusana alikwenda London mwaka huo kuipinga, asifanikiwe. Hata hivyo, sheria hiyohiyo iliruhusu kila aliyestahili kuwachagua wajumbe wa baraza la jimbo naye achaguliwe; na katika Cape sifa za mpiga kura zilikuwa mali au mshahara, pamoja na kujua kuandika, wala si rangi. Kwa njia hiyo wapiga kura wa Tembuland walimpeleka barazani mwaka 1910.

Baraza lenyewe lilishughulikia shule, hospitali, barabara na serikali za mitaa. Mambo ya Waafrika, na hasa ardhi, yalikuwa ya serikali ya Muungano. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya 1913 ilipopitishwa, kiti chake hakikumfaa kitu: ilimlazimu kurudi London mwaka 1914 pamoja na Dube, Plaatje, Mapikela na Msane, kwa niaba ya chama kilichokuja kuitwa ANC. Uingereza ilikataa kuingilia kati.

Mwaka huohuo alishindwa uchaguzi. Aliyemponza ni John Tengo Jabavu, mhariri wa Imvo Zabantsundu, aliyegombea pia akazigawa kura za Waafrika. Zingalijumlishwa, mgombea Mzungu asingalishinda. Kuuita mgongano huo wivu tu ni kuurahisisha mno. Tangu 1897 gazeti la Izwi Labantu, ambalo Rubusana alishiriki kuliasisi, lilishindana na Imvo kuhusu chama kipi cha Wazungu kiungwe mkono. Isitoshe, Jabavu aliiunga mkono Sheria ya Ardhi, iliyowasilishwa na rafiki yake wa siku nyingi, waziri J.W. Sauer.

Rubusana alifariki East London mwaka 1936, mwaka uleule Bunge lilipowaondoa Waafrika wa Cape katika daftari la pamoja la wapiga kura.