Kompyuta ya Zamani Kuwa Seva ya Printa

Katika nyumba nyingi za malezi na ofisi za parokia hali ni hii: printa moja imefungwa kwa kebo ya USB kwenye kompyuta moja, na kila mwenye kazi ya kuchapa anakuja na flashi yake. Flashi hiyo imeshapita kwenye mashine kumi, na virusi imebeba. Si lazima kununua printa mpya. Ile kompyuta ya mezani iliyotupwa stoo kwa sababu haibebi Windows ya sasa inatosha.

Kazi yake ni kushikana na printa, kupokea nyaraka kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao wa ndani, kuzipanga foleni na kuzitoa moja baada ya nyingine. RAM ya GB 1 inaimudu, mradi usiiwekee madirisha na mapambo. Ikishasimama haihitaji intaneti, jambo jema siku bando likiisha.

Kwanza hakikisha printa yenu ina dreva ya Linux. Baadhi ya zile za bei nafuu hazina, na hapo utahangaika bure. Kisha weka Debian. Kama prosesa ni ya biti 32 chukua Debian 12, kwa maana toleo la 13, la mwaka 2025, halina tena kisakinishi cha mashine hizo. Ukiwa msimamizi, andika amri hizi, ukiweka jina lako la mtumiaji mwishoni mwa ile ya pili:

apt install cups avahi-daemon
usermod -aG lpadmin jina
cupsctl --share-printers --remote-admin

CUPS ndiyo inayopanga foleni; ilianza kutolewa mwaka 1999 na hata kompyuta za Apple huitumia. Avahi huitangaza printa ili simu na kompyuta ziione zenyewe. Sasa nenda kwenye kompyuta nyingine, fungua kivinjari, andika anwani ya seva ikifuatwa na :631, uongeze printa na kuweka alama ya kuishirikisha. Kivinjari kitalalamika kuhusu cheti cha usalama. Usishtuke, cheti hicho kimetengenezwa na seva yenyewe. Kwenye rauta, ipe seva anwani isiyobadilika, la sivyo siku moja wote watakuja kukuuliza printa imekwenda wapi. Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, ingia BIOS uiagize mashine ijiwashe umeme unaporudi.

Liko jambo moja ambalo maelekezo mengi hulipita haraka. Kwa kawaida CUPS hutunza nakala ya kila kilichochapwa kwa siku nzima, ndani ya /var/spool/cups. Fikirini kinachopita kwenye printa ya seminari: mitihani kabla ya kufanywa, taarifa za walezi kuhusu frateri, barua ya mtu anayeomba kuacha malezi. Mwenye nywila ya seva anaweza kuvisoma vyote. Fungua /etc/cups/cupsd.conf, ongeza mstari PreserveJobFiles No, kisha uiwashe upya CUPS. Nakala zitafutwa kazi ikimalizika, ingawa zile zinazosubiri foleni bado zitakuwa diskini. Kwa hiyo nywila ishikwe na mtu mmoja au wawili ambao Gambera anawafahamu, na mashine yenyewe ikae kwenye chumba kinachofungwa.