Kwa nini mashine hujianzisha upya ilhali stima haijapotea

Siku ya 21, mpwa wangu anayeishi Kaaga, si mbali na bewa kuu la Chuo Kikuu cha Kenya Methodist kaunti ya Meru, alifungua mashine yake ya kuangulia mayai akakuta vifaranga wengi wamefia ndani ya maganda. Joto lilikuwa sawa, nyuzi 37.5. Kosa ni kwamba trei zilikuwa zingali zinageuka.

Mayai ya kuku hugeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, kisha huachwa yatulie ili kifaranga ajipange kutoka. Mashine hiyo, ambayo aliiunda mwenyewe, huhesabu siku bila kusaidiwa. Lakini asubuhi hiyo kioo chake kilionyesha siku ya tano. Ilikuwa imeanza hesabu upya katikati ya safari, na hakuna aliyejua.

Sote tulilaumu stima. Ni lawama ya haraka wakati wa mvua, ila betri ya akiba ilikuwepo na ilikuwa imejaa.

Ubongo wa mashine hiyo ni chipu ndogo aina ya ATmega328P, maikrokontrola inayopendwa na wanafunzi wengi. Chipu hiyo hufanya kazi moja kwa wakati, kama mpishi anayesonga ugali. Mlango ukibishwa, mpishi huepua sufuria, humsikiliza mgeni, kisha huendelea pale alipoachia. Hodi hiyo ndiyo wataalamu huita katizo. Saa ya ndani hupiga hodi, kitufe hupiga hodi, hata waya uliounganishwa kwenye mguu wa chipu huweza kupiga hodi.

Mwanzoni mwa kumbukumbu ya programu kuna orodha ya nafasi 26 inayoeleza kila hodi ipelekwe wapi. Nafasi ya kwanza ni ya kuanza kazi; 25 zilizosalia ni za makatizo. Je, katizo likiruhusiwa lakini mwandishi wa programu asiandike la kufanya? Wengi hudhani litapuuzwa. Sivyo. Programu inayotafsiri lugha ya C kwa chipu hizi hujaza nafasi hiyo amri ya kurudi mwanzo kabisa. Mpishi humwaga ugali na kuteka maji upya.

Ushahidi wa kwanza ulitoka kwenye rejista iitwayo MCUSR, ambayo huweka alama ya sababu ya chipu kuanza upya: umeme kuwashwa, umeme kushuka, kitufe kubonyezwa, au saa ya ulinzi kuchoka kungoja. Mpwa wangu aliifuta, kisha akaisoma mashine ilipojianzisha tena. Haikuwa na alama yoyote. Basi stima haikuhusika. Programu yenyewe ndiyo iliyoruka kurudi mwanzo.

Ndipo akatega mtego. Aliandika kipande kimoja cha kupokea kila katizo lisilo na mwenyewe: kiwashe taa nyekundu, kisha kisimamishe kila kitu. (Mtego huu hautegwi mayai yakiwa ndani, kwa maana hita hubaki ilivyokuwa.) Siku ya pili, rilei ya hita ilipolia “tak”, taa ikawaka. Alizima makatizo moja baada ya jingine hadi akafikia la mguu wa swichi ya mlango. Alikuwa ameondoa kazi ya swichi hiyo miezi kadhaa kabla, akasahau mstari unaoruhusu katizo lake. Waya mrefu ulibaki ukining’inia, ukinasa kelele za umeme kutoka kwa rilei kama antena.

Hata wakubwa yamewafika. Mnamo Julai 20, 1969, Apollo 11 ikishuka mwezini, kompyuta yake ilitoa onyo la 1202, kisha 1201. Rada ambayo haikuhitajika wakati huo ilikuwa ikiimwagia mapigo yasiyo na maana, yakila zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya muda wake. Kompyuta hiyo nayo ilijianzisha upya, tena zaidi ya mara moja, lakini waandishi wake walikuwa wameipangia iache kazi ndogo na kushika zile muhimu pale zilipokuwa. Mashine ya Kaaga ilisahau yote.

Kwa hiyo kuufuta mstari ule hakukutosha. Mguu wa swichi sasa umefungwa kwa rezista ya ndani ya chipu ili usielee, waya umekatwa, na hesabu ya siku huandikwa kila saa kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika chipu ikianza upya. Kipande cha mtego kimebaki pia, ila sasa hupiga king’ora badala ya kusimamisha kazi.

Trei zimejazwa mayai tena. Nilipompigia simu jana, kioo kilionyesha siku ya 12, na kalenda aliyoitundika ukutani ilisema vivyo hivyo.