Kifauwongo Chini ya Mikarafuu



Msimu uliopita wachumaji walikataa kuingia shamba la mwenzetu mmoja. Karafuu zilikuwa nyingi mtini, lakini chini hapakanyagiki. Zilizoanguka zilipotelea mibani, na watoto waliokwenda kuokota walirudi wakichechemea. Tulipokwenda kutazama tulikuta kifauwongo kimetanda tangu njiani hata mashinani.

Wengi wetu twakijua kwa mchezo wa utotoni: ukikigusa hufumba majani kana kwamba kimekufa, ukisubiri kidogo hufumbua. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Majani yake ni madogo, yamepangana pande mbili mfano wa ya mkwaju. Shina hutambaa, lina rangi ya wekundu na miba iliyopinda. Na ua lake ni duara laini la rangi ya waridi. Mchicha wa miba haufumbi ukiguswa, basi mtu asichanganye.

Wengi hukifyeka kwa panga. Sisi pia tulifanya hivyo, tukajisifu kwa kazi ya siku moja. Mvua ziliponyesha kikachipua pale pale kwenye visiki. Wala msikichome moto. Mbegu zake zina ganda gumu, hukaa ardhini miaka mingi, na joto la moto huweza kuziamsha zikaota. Tena mkarafuu wenyewe hauvumilii moto.

Yafaa king'olewe kingali kichanga, hakijatoa maua, siku ya pili baada ya mvua udongo ukiwa laini. Funga mikono kwa kitambaa cha gunia, shika chini kabisa, ukitoe na mzizi wake. Kilichokomaa kichimbwe kwa jembe, ila karibu na mkarafuu msichimbe kwa nguvu, kwani mizizi yake midogo ya kulia chakula iko juu juu. Kisha rudini kila baada ya mvua, kwa kuwa mbegu haziishi mara moja.

Chenye maganda kitiwe guniani, kisibururwe shambani. Maganda yale yana vinywele vikali, hukatika vipande, na kila kipande kina mbegu yake. Hunasa katika nguo na manyoya ya mbuzi na ng'ombe. Basi mifugo isifungwe penye kifauwongo chenye maganda, na majamvi na magunia yaliyotandikwa hapo yakung'utwe papo hapo kabla ya kupelekwa shamba jingine.