Kuandikisha Shauri kwa Programu

Juu ya uwanda wa Makonde, Newala, maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Bomba likipasuka na habari isiandikwe, watu hukaa na kiu. Programu iliyoko Masasi yaweza kuiandikisha yenyewe katika daftari lililo mbali: hupeleka kwa intaneti ombi lenye kichwa, maelezo na ufunguo wa siri, seva huhakiki, huandika, kisha kwa kawaida hujibu 201, yaani “limeundwa”, pamoja na namba. Jibu likipotea njiani, programu haina budi kulitafuta shauri kabla ya kulipeleka tena, lisije likaandikwa mara mbili. “Tiketi” ni neno la safari. “Shauri”, lililozoeleka barazani, lafaa zaidi, kwani lina mwenyewe, namba na hukumu.