Muhuri wa Fosfeti: Kutoka Yadi ya Kipevu Hadi Maabara ya Kilifi

Kasha likishushwa kwenye bandari ya Kipevu halitoki getini papo hapo. Kreni hulinyanyua kutoka melini kwa dakika chache, lori la yadini hulipokea, kasha likapangwa juu ya mengine, na hapo linaweza kulala siku kadhaa likila ada ya hifadhi mpaka karani wa forodha aligongee muhuri. Mzigo ni ule ule, uzani haukuongezeka hata kilo moja. Kilichobadilika ni alama, na alama ndiyo inayofungua geti. (Siku hizi muhuri umehamia kwenye kompyuta, ingawa anayesubiri mzigo wake hajaona tofauti.)

Seli nazo huendesha mambo yao vivyo hivyo. Protini huundwa, ikakaa, isifanye lolote. Kisha hubandikwa kipande kidogo cha fosfeti, na hapo umbo lake hubadilika: hushikana na jirani yake, huanza kazi, au huiacha kazi iliyokuwa ikiifanya. Kimeng'enya kinachobandika huitwa kinasi, kinachobandua huitwa fosfatasi, na kitendo chenyewe ni fosforilesheni. Fosfeti hiyo si kitu kigeni. Ni jamaa ya ile iliyomo kwenye mbolea ya DAP inayopakuliwa katika bandari hii hii.

Waliolifumbua fumbo hili, Edwin Krebs na Edmond Fischer wa Seattle, Marekani, walisaidiwa na karatasi. Walikuwa wakichunguza msuli wa sungura, wakitaka kujua msuli unavyoivunja akiba yake ya sukari. Rojo la msuli likipita kwenye karatasi ya kuchujia, kimeng'enya walichokitafuta kilitoka kikiwa macho; likisafishwa kwa njia nyingine, kilitoka kimelala. Kumbe karatasi ilikuwa na chembe za kalsiamu, na kalsiamu ilikuwa imemwamsha karani mgonga mihuri. Hiyo ilikuwa 1955. Tuzo ya Nobel ikawafikia 1992.

Mimi ni mtu wa Changamwe, na yadi ya makasha ya Kipevu, ile iliyofunguliwa 2016, naitazama karibu kila siku. Imenifunza tofauti nyingine ambayo watu wengi huikosa wanapozungumzia sayansi ya uhai: tofauti ya manifesti na yadi. Manifesti ni karatasi inayosema meli imebeba nini. Yadi ndiyo ukweli wa saa hii: kasha lipi limefika, lipi limefunguliwa, lipi lina muhuri na lipi halina. Jenomu ya kimelea kikali cha malaria, Plasmodium falciparum, ilichapishwa 2002 ikiwa na jeni zipatazo 5,300. Dunia ikashangilia, na ilistahili. Lakini ile ilikuwa manifesti. Kuingia yadini na kuhesabu protini zenyewe, na hali ya kila moja, ndiyo kazi inayoitwa proteomiki, na ni ngumu mara kadhaa kuliko kusoma orodha.

Kwa bahati, sehemu ya kazi hiyo imefanyika kilomita zipatazo 60 kutoka hapa, Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanzishwa 1989. Hapo ndipo Faith Osier, Mkenya aliyesomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, alipoacha njia ya kutibu mtoto mmoja mmoja akaingia kwenye swali ambalo kila mtu wa pwani ameliona kwa macho yake. Mtoto wa miaka miwili kule Chonyi na bibi yake huumwa na mbu wale wale. Mtoto hupata degedege akakimbizwa hospitali. Bibi hunywa chai yake. Bibi ana nini?

Sehemu ya jibu ilijulikana zamani. Mwaka 1961 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Gambia walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima, wakawadunga watoto waliokuwa na malaria. Vimelea vikapungua kwa kasi na homa ikashuka. Kwa hiyo dawa iko ndani ya damu ya bibi. Tatizo ni kwamba damu hiyo ina kingamwili za kila aina, na kimelea kina maelfu ya protini. Ni kingamwili ipi inayomlinda, na dhidi ya protini ipi?

Kwa miaka mingi wanasayansi walizijaribu protini hizo moja moja, kama mtu anayetafuta ufunguo wake kwenye fungu la funguo mia. Mmoja husema ni hii, mwingine husema ni ile. Osier na wenzake walipima kadhaa kwa pamoja kwenye damu ya watoto wa Chonyi, na mwaka 2008 wakachapisha walichokiona: aliyelindwa hakuwa na kingamwili moja ya ajabu, alikuwa na nyingi, dhidi ya protini nyingi, tena kwa wingi. Mwaka 2014 walirudi na protini zaidi ya 30, na picha ikawa ile ile. Mwishowe wakatengeneza chombo chao wenyewe, KILchip, kilichotangazwa 2018. Ni kipande cha kioo kilichochapwa madoa madogo ya protini zaidi ya 100 za kimelea. Unadondosha damu kidogo iliyochujwa. Kingamwili hung'ang'ania doa zinalolijua. Rangi inayong'aa hufichua zilipong'ang'ania. Kazi iliyohitaji miezi ikawa ya siku. Jina KIL ni la Kilifi, na naona fahari kidogo kuliandika.

Osier alipata tuzo ya Royal Society ya Afrika 2014, akafanya kazi Heidelberg, Ujerumani, akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza muungano wa kimataifa wa vyama vya sayansi ya kinga, na sasa ni profesa Imperial College, London. Nayataja haya haraka kwa sababu jambo linalonivuta liko kwenye protini moja aliyoipima tangu mwanzo: AMA1.

Kimelea kinapotoka kwenye chembe nyekundu moja ya damu kutafuta nyingine huitwa merozoiti. Muda wake ni mfupi mno. Asipopata mlango ndani ya dakika chache, amekwisha. AMA1 ni miongoni mwa vyombo vyake vya kuvunjia mlango. Imepenya ukuta wake kama msumari: kichwa nje, mkia ndani. Kingamwili za bibi wa Chonyi hukishika kichwa. Mkia hazioni kamwe.

Na muhuri hugongwa mkiani. Mwaka 2010 iliripotiwa kwamba kinasi kiitwacho PKA hubandika fosfeti kwenye asidi amino ya 610 ya AMA1. Watafiti walipoibadilisha asidi hiyo moja tu, ili muhuri ukose pa kugongwa, merozoiti alishindwa kuingia. Kichwa kilikuwepo, kizima, mahali pake. Kasha limefika, halina muhuri, geti limefungwa. Mwaka uliofuata kikundi kingine kilijaribu kuondoa kinasi 65 za kimelea, moja baada ya nyingine, na kuona kwamba 36 haziondoleki: bila hizo hakiwezi kuendelea kuzaana ndani ya damu. Tayari ziko dawa za saratani zinazofanya kazi kwa kuziba kinasi, imatinibu ikiwa ya kwanza kupata umaarufu, mwaka 2001. Watafuta dawa za malaria wanaifuata njia hiyo.

Ndiyo maana nasema watu wa kingamwili na watu wa fosforilesheni wanautazama mlango mmoja, wa kwanza wakiwa barazani, wa pili wakiwa ukumbini. Kwa maoni yangu wamechelewa kukaa meza moja. Chipu ya kioo, kwa ubora wake wote, haiwezi kukuambia protini ilikuwa na muhuri au la siku kimelea kilipomwingia mtoto. Hilo linataka mashine za kupima uzito wa molekuli, na kazi ya namna hiyo nayo imeanza huku huku: mwaka 2017 Abdirahman Abdi na wenzake walichapisha orodha ya protini zinazotolewa nje na kimelea kilichochukuliwa kwa mgonjwa wa Kenya, badala ya vile vilivyozoea maisha ya maabara kwa miongo.

Na mlango huo bado hauna chanjo. Chanjo mbili za malaria zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S na R21, hii ya pili ikiwa imejaribiwa Kilifi pia, zinalenga protini moja, CSP, ambayo kimelea huivaa kabla hakijaanza kuvamia chembe nyekundu za damu. Ya kumlenga merozoiti haijaidhinishwa hata moja. Iliyosogea mbele zaidi, RH5.1, ilijaribiwa kwa watoto wa Burkina Faso, na matokeo ya 2024 yalionyesha kinga ya asilimia 55 kwa miezi sita.